Kuku wa Rambirambi

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, asubuhi, pale jogoo mwekundu alipopanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akajaza kifua, akawika nusu, na nusu nyingine ikamkwama kooni. Fundi Rangi alikuwa amechuchumaa mlangoni akikwangua rangi iliyokauka kwenye brashi zake. Aliinua kichwa akangoja, kama unavyomngoja mtu amalizie chafya. Chafya haikuja. Jogoo aliteremka, akarudi kinyumenyume kama aliyesahau kitu, shingo ikajipinda polepole mpaka jicho moja likawa linatazama mbingu na jingine linatazama vumbi.

"Wewe nawe," akamwambia, "unamwigiza nani?"

Kufika adhuhuri matetea wawili walikuwa wamejikunja pembeni mwa banda, mabawa yananing'inia kama koti la kuazima, wakivuta pumzi kwa midomo wazi. Kinyesi kilikuwa cha kijani, kijani kibichi ambacho yeye, mpiga rangi wa miaka na miaka, hakuwahi kukichanganya kwenye kopo. Jioni wawili hao walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa wamesimama mbele ya jiko, vichwa vimeinama, wamekizunguka kile kigoda.

Hilo la kigoda ndilo lililomtisha kuliko vifo. Kigoda kilikuwa cha mkewe. Kila jioni mkewe alikikalia, akatikisa mkebe wa mtama, akaita, "Haya wangu, haya wangu," na kuku wote wakaja mbio wakajipanga miguuni pake. Sasa mkewe alikuwa kaburini, hata wiki mbili hazijatimia. Lakini kuku hawahudhurii mazishi, nani angewaambia? Kila jioni, saa ile ile, walikuja wakasimama mbele ya kigoda kitupu, wakangoja. Hata wagonjwa walikuja. Mmoja alifia pale pale akiwa amesimama, akaanguka ubavu kama mtu aliyesinzia kwenye foleni ya hospitali.

Na Fundi Rangi aliijua vizuri foleni ya hospitali. Mkewe alisinzia kwenye foleni hiyo, kichwa begani mwake, daktari akiwa mkutanoni.

*

Mtaa ule ulikuwa na wafugaji wa uani kama mitaa mingine ilivyo na walevi: wamo karibu kila kona, na wote wanajuana. Walikuwa na kikundi, na Mwenyekiti, na mabishano yasiyokwisha kuhusu mbegu ya jogoo wa fulani na miguu ya tetea wa fulani. Mtu akipata mayai ya mbegu nzuri aliyapeleka kwa mke wa Fundi Rangi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kuku, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kutotolea. Mashine ni jina la heshima tu. Lilikuwa friji bovu ambalo Fundi Rangi alilitoboa, akalitia kijidirisha cha kioo, balbu, feni ndogo na beseni la maji, kisha akalipaka samawati iliyobaki kwenye kazi ya watu. Lakini lilitotoa. Mama Kuku aliliangalia kama mtu anayeuguza.

Kikundi kilikuwa na kawaida yake moja. Mwenzao akifiwa, kila mfugaji humletea ndege mmoja, hai, miguu imefungwa kamba, ili banda la msiba lisinyamaze. Waliwaita kuku wa rambirambi. Baada ya mazishi ya Mama Kuku walikuja wote. Mwenyekiti alileta tetea mweupe, mkubwa, manyoya yamelala kama yamepigwa pasi. Bi Njiwa, jirani wa ukuta mmoja na shoga wa marehemu, alileta bata, maana kuku hakuwa nao. Yeye ni mtu wa njiwa na bata. Wengine walileta walichojaliwa.

Wakawalaza mbele ya Fundi Rangi. Kando ya jiko kulikuwa na tundu la fito, na kila mtu pale alijua kazi yake. Mama Kuku hakuwahi kumwingiza mgeni bandani kabla hajakaa tunduni humo wiki tatu, awe ametoka kwa maskini, awe ametoka kwa waziri. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alikuwa akisema, na kinywani mwake haikuwa methali, ilikuwa amri.

Fundi Rangi alilitazama tundu. Wenzake nao wakalitazama, kisha wakatazama pengine. Kumfungia kuku wa rambirambi ni sawa na kumwambia aliyemleta kwamba huenda amekuletea ugonjwa. Umwambie mtu hivyo, macho yake bado mekundu kwa kukulilia mkeo? Na wao je, nani angeanza kusema, mfungie wa kwangu? Adabu iliwafunga wote midomo. Fundi Rangi akatoa kisu chake cha kukwangulia rangi, akakata kamba moja baada ya nyingine, akawaachia wote bandani. Bi Njiwa alifungua mdomo kidogo, kisha akaufunga.

"Asanteni," alisema Fundi Rangi. "Banda limechangamka."

*

Bwana Mifugo alifika Jumamosi. Miezi yote ya nyuma kikundi kilipomwendea ofisini kuomba chanjo, ile ya tone moja jichoni, jibu lake lilikuwa lile lile: chanjo imekwisha, subirini. Wakasubiri. Kuja kuua hakukuhitaji kusubiri. Alikuja na watu wawili wenye mabuti meupe, na Mwenyekiti nyuma yao kama shahidi wa ndoa.

"Mdondo," alisema Bwana Mifugo kabla hajalifikia banda. "Nyumba hii, na zinazogusana nayo ukuta. Ndege wote. Lichimbwe shimo, itiwe chokaa. Na nitarudi Ijumaa kukagua. Nisikute hata unyoya."

"Zinazogusana?" Kichwa cha Bi Njiwa kilikuwa kimejitokeza juu ya ukuta, alikuwa amepanda juu ya matofali. "Mimi sina kuku. Na ndege wangu wazima."

"Mama, nimesema ndege. Kwani njiwa ni samaki?"

"Na kwa Mwenyekiti je?"

"Kwa Mwenyekiti hakugusani na hapa. Tena wake wamechanjwa."

Wale wa mabuti waliacha kuchimba.

"Wamechanjwa na nini?" aliuliza Fundi Rangi. "Si chanjo ilikwisha?"

"Mzee," alisema Bwana Mifugo, macho yako kwenye simu, "leo nimekuja kuua kuku, sikuja kujibu mitihani. Kinachonguruma humo ndani ni nini?"

Ilikuwa feni ya friji. Ndani mlikuwa na mayai ambayo Mama Kuku aliyapanga kwa mkono wake asubuhi ile ile kichwa kilipoanza kumuuma. Kila yai alilitia alama kwa penseli, mkato upande huu, duara upande ule, ili anayegeuza asipotee. Siku hiyo mkono ulikuwa ukimtetemeka; duara nyingine hazikukutana. Tangu mazishi Fundi Rangi aliyageuza mwenyewe, leo mkato juu, kesho duara juu. Zamani hakuwa mtu wa kuku. Sasa hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo pekee aliyobaki nayo na mkewe.

"Mayai nayo yaletwe," alisema Bwana Mifugo.

Bintiye Fundi Rangi, muuzaji wa duka la dawa, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya msiba, alisogea mlangoni. "Baba atayaleta mwenyewe. Tafadhali."

Fundi Rangi akaingia ndani. Akakawia mpaka kuku wake na ndege wa Bi Njiwa wakawa wamekwisha kuuawa. Akatoka na bakuli la mayai ya jikoni, yaliyotagwa juzijuzi na ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyala. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo, pale kuku wa mkewe walipolala chini ya chokaa, akayapasua moja moja. Viini vikateleza, vya njano, safi, vya mviringo, kama jua analochora mtoto.

Bwana Mifugo alikuwa bado anasoma simu. Lakini Mwenyekiti alikuwa anatazama shimo. Mtu yeyote aliyewahi kutotoa anajua yai lililokaa kwenye joto wiki mbili likoje ndani: lina mishipa, lina jicho, lina kitu kilichokwisha kuota manyoya. Haya yalikuwa mayai ya kukaanga. Mwenyekiti alikitazama kiini, akamtazama Fundi Rangi, akarudi kwenye kiini.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza Bwana Mifugo.

"Ndiyo hayo," akajibu Mwenyekiti.

Fundi Rangi hakushukuru. Alibaki amepiga magoti, wazo limemkwama kama kule kuwika kwa jogoo. Mwenyekiti hakuwa mtu wa huruma. Aliwahi kumfukuza mwenzao kikundini kwa kuchelewa mkutano tu. Mtu ambaye dhamiri yake haimdai kitu hanyamazi namna ile.

*

Alimfuata kwake kesho yake. Langoni kulikuwa na gunia lililoloweshwa dawa, na Mwenyekiti alimwambia asimame hapo hapo juu ya gunia, asivuke. Basi Fundi Rangi, ambaye lango lile alilipaka yeye, akazungumza akiwa nje yake, viatu vikilowa, kama mwombaji. Nyuma ya Mwenyekiti matetea weupe walikuwa wakiparua majani, hawana habari na mtu.

"Yule tetea uliyeniletea," alianza.

"Alikuwa mzima. Hakuumwa hata siku moja."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wenzake wote walipinda shingo. Yeye alikuwa anakula mpaka wale wa mabuti walipomkamata."

"Kwa hiyo siku hizi uzima ni kosa?"

"Binti yangu anasema aliyechanjwa anaweza kuubeba ugonjwa, yeye asiumwe. Akaenda kuutua kwa mwenzake, kama mzigo wa watu."

"Na bata je? Bata naye hubeba, naye haumwi. Mbona hukuanza na ukuta wako?" Mwenyekiti alishusha sauti. "Au kwa kuwa Bi Njiwa ndiye aliyekupikia siku za msiba?"

Fundi Rangi alirudi kwenye lile alilokuja nalo. "Chanjo uliipata wapi, Mwenyekiti?"

"Kilikuja kichupa kimoja. Kidogo, hakitoshi watu wote. Ningewaita, mngegombana."

"Ukaona utuokoe na ugomvi."

"Fundi, sikiliza. Mimi jana niliuziba mdomo wangu. Viini vizuri sana vile. Bwana Mifugo angejua, wewe leo usingekuwa hapa kunihoji." Mwenyekiti akashika komeo la lango. "Tena nikuulize kimoja, usikasirike. Kuku walikuja na kamba miguuni. Aliyezikata nani? Mama Kuku angezikata?"

Lango likafungwa taratibu, halikubamizwa, na ule utaratibu ndio uliouma. Njiani Fundi Rangi aliikumbuka ile methali ya tangu utotoni: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea hunyakuliwa na mwewe. Siku zote alidhani mwewe ni ndege.

*

Kimya cha uani kilikuwa cha aina ile ambayo mtu anaisikia. Bi Njiwa hakumsemesha tena. Upande wa pili wa ukuta alifagia banda tupu, akajaza maji kwenye vyungu, na Fundi Rangi alimsikia akiyamimina. Kisha aligundua maji yale ni ya nani. Njiwa wawili waliokuwa angani siku ya kuua walikuwa wamerudi nyumbani, kama njiwa wanavyorudi, na Bi Njiwa hakumwambia mtu. Wakishiba walivuka ukuta, wakatua uani kwake kuokota mtama uliobaki. Yeye naye hakumwambia mtu.

Na jioni, saa ile, alisikia mkebe ukitikiswa. Mara mbili alitoka mbio. Mkebe ulikuwa juu ya rafu, kifuniko kimefungwa, vumbi limetulia juu yake. Alirudi ndani akakaa. Mwanamume mzima utamwambia nani kwamba unasikia mtama?

Siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi. Kifaranga hujipanga mwenyewe humo ndani, ukimgeuza unampoteza njia. Kwa hiyo tangu Jumatatu Fundi Rangi alikuwa anasimama tu mbele ya friji, mikono haina kazi. Jumatano bintiye aliingia na jagi la maji ya kuongeza kwenye beseni.

"Mama alikuwa anaongea nao siku hizi za mwisho."

"Najua. Nilikuwa namcheka."

"Haya hakuwahi kuongea nayo. Tuyasemeshe sisi?"

"Yai utaliambia nini, mwanangu?"

Bintiye aliinama, midomo karibu na mlango wa friji. "Haya wangu," akasema. "Haya wangu, haya wangu."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Haikufanana nayo, ilikuwa yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa mwishoni. Fundi Rangi aliushika ukuta. Ndani ya friji yai moja likatikisika, kisha la pili, kisha kikasikika kilio chembamba, kama kijiti kinachokwaruza kioo. Kitu ambacho hakijaiona dunia kilikuwa kinaitika.

"Usirudie," akamwambia.

"Baba?"

"Nimesema usirudie."

Bintiye akamimina maji. Kisha, bila kumtazama, akasema lile alilokuwa amelibeba tangu Jumamosi. "Kuku walipokuwa wanaumwa, ulikuwa unawashika. Unawanywesha maji kwa mkono. Halafu unakuja huku kugeuza mayai. Ulikuwa unanawa?"

Fundi Rangi aliitazama mikono yake. Kwenye kucha mlikuwa na samawati, na kijani, na weupe wa chokaa. Alijaribu kukumbuka sabuni. Alikumbuka mkato juu, duara juu. Sabuni hakuikumbuka.

"Mimi sikulaumu," bintiye alisema.

"Nani amesema unanilaumu? Wa kulaumiwa wako ofisini, wana kiyoyozi."

"Ndiyo, baba. Lakini mayai yako hapa."

*

Yalianza kupasuka Alhamisi, asubuhi tena. Bintiye alikuwa amekwenda kuomba siku moja zaidi ya ruhusa dukani kwake. Fundi Rangi alikuwa peke yake, paji la uso limegusa kijidirisha cha friji, aliposikia matofali yakisogezwa upande wa pili wa ukuta.

"Shemeji." Sauti ya Bi Njiwa ilikuwa chini. "Nasikia sauti humo kwako."

Angeweza kusema ni redio. Mtu mwingine angedanganyika. "Pita mlangoni," akasema.

Bi Njiwa aliingia. Akapita karibu na kigoda bila kukitazama, akaja akasimama kando yake, na wote wawili wakawa wanachungulia kwenye kioo kile kidogo, mabega yameachana kwa heshima. Chini ya balbu yai moja lilikuwa limechorwa ufa kulizunguka. Ufa ulipita katikati ya duara ambayo haikukutana.

"Mwandiko wake huu," alisema Bi Njiwa.

"Wake."

"Kumbe shimoni ulitupa nini?"

"Chai ya asubuhi."

Bi Njiwa alitaka kucheka, kicheko kikageuka njiani. Wakatazama yai likisukumwa, likipumzika, likisukumwa tena. Fundi Rangi aliona ni afadhali aseme bila kumtazama usoni.

"Shemeji, yule bata."

"Nilikuwa najiuliza utaniuliza lini."

"Alikuwa mzima?"

"Sijui. Siku ile alikuwa mzima. Bata hakwambii." Alifuta ukungu wa pumzi yake kwenye kioo. "Nilitaka kukwambia mfungie. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaona haya, watu watasema hata shoga yake anamshuku ndege wake mwenyewe."

"Niliona ulipoufungua."

"Kumbe uliona."

"Niliona, nikakata kamba."

Gamba likaachana. Kifaranga kikajisukuma kikatoka, kimelowa, kibaya kama mtoto yeyote aliyezaliwa sasa hivi, kikalala juu ya waya kinahema kwa mdomo wazi. Kilikuwa chekundu, wekundu wa yule jogoo. Nje, njiwa wale wawili walikuwa wametua uani, wanatembea kwa maringo kati ya mlango na kigoda, wakiokota. Bi Njiwa aliwatazama, kisha akarudisha macho kwenye kioo. Kesho ilikuwa Ijumaa, siku ya Bwana Mifugo.

Kifaranga kilijaribu kuinua kichwa. Kikashindwa. Kikajaribu tena, na shingo ikajipinda polepole ubavuni, mpaka jicho moja likawa linatazama balbu na jingine linatazama waya.

Vifaranga wote hufanya hivyo. Yeyote aliyewahi kutotoa anajua: wametoka vitani, shingo haijapata nguvu, saa chache tu utawaona wamesimama. Bi Njiwa alijua hivyo. Fundi Rangi alijua hivyo. Wote wawili walikuwa wameziona pia shingo nyingine, zenye mpindo ule ule, na Fundi Rangi aliiona ya kwanza kando ya ndoo Alhamisi iliyopita.

Ndani ya friji mayai mengine yalikuwa yanaitikiana. Mkono wa Fundi Rangi ulikuwa umefika kwenye swichi ya balbu, joto lao pekee, vidole vya rangi vimeigusa, na hakukumbuka ni lini aliupeleka pale. Bi Njiwa aliuona. Hakuuondoa, wala hakuusukuma.

"Shemeji," akasema, "hiyo ni shingo ya uchovu, au ndiyo ile?"